Prosesa Mbili, Kiti Kimoja

Jumanne ya kwanza baada ya Pasaka ya mwaka huu, saa nane mchana, tulimzika Kulwa, pacha wangu, nyuma ya nyumba ya mama, hatua chache kutoka kwenye zizi. Figo zilikuwa zimemsumbua kwa miaka miwili. Wakati wanashusha jeneza niliwaza jambo moja tu, na nalisema kama lilivyokuja: Kulwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa, kwa hiyo yeye aliwahi kuishi dakika chache duniani bila mimi, lakini mimi sikuwahi kuishi hata dakika moja bila yeye. Sasa imekuwa zamu yangu, na zamu yangu si ya dakika. Watu walinishika mikono wakidhani nitaanguka. Sikuanguka. Nilisimama tu nikatazama viatu vya waliokuwa wanafukia, vumbi lilivyovibadilisha rangi, na nikajua kwamba nitaandika habari za mwaka ule wa kompyuta, kwa sababu kuna neno nilimdanganya na sikupata kulisahihisha akiwa hai.

Habari za ukoo wetu naziacha. Wanaotujua wanazijua, na wasiotujua hawatapungukiwa. Inatosha kusema kwamba tulikuwa na miaka ishirini, na huo ulikuwa mwaka wa pili tangu Bariadi iwe makao makuu ya mkoa. Mji ulikuwa unanuka rangi mbichi na saruji. Watumishi walikuwa wanahamia kutoka kila upande, wanauliza nyumba za kupanga zenye choo cha ndani, na barabarani malori ya pamba yalikuwa yanapishana na malori ya kokoto. Kulwa alikuwa amemaliza kidato cha nne bila matokeo ya kumpeleka mbele. Mimi niliishia kidato cha pili, nikajifunza cherehani. Tuliishi na mama pembeni mwa mji, upande wa barabara ya kwenda Lamadi, katika nyumba ya vyumba vitatu ambayo chumba chake cha mbele kilitazama barabara. Chumba hicho ndicho ninachokikumbuka kuliko nyumba nzima. Kilikuwa na bati juu bila dari, kuta zilizopakwa chokaa inayoacha weupe begani ukiegemea, benchi mbili za mbao za mkaratusi, cherehani yangu kwenye kona ya dirisha, na juu ya meza iliyokuwa ya kulia chakula, kompyuta ya Kulwa.

Ilikuwa sanduku kubwa jeusi lenye dirisha la kioo ubavuni, na ndani taa za bluu zinazowaka feni zikizunguka. Aliachiwa na kijana mmoja wa kambi ya barabara, mtu wa kaskazini, ambaye Kulwa alimlindia chumba chake mwaka mzima kabla kambi haijahamia Maswa. Yule kijana alikuwa ameinunua kwa ajili ya gemu tu, na alipoondoka alisema imeshazeeka, haimfai tena, lakini kwa hapa Bariadi itasukuma siku. Ilisukuma kweli. Jioni vijana walijaa, wanacheza mpira na mbio za magari, wawili wameshika vidhibiti na kumi wamekaa nyuma wanatoa maelekezo. Mwalimu Shija wa shule ya msingi, ambaye alikuwa na umri wa kutuzaa, alikuja kila siku na shati lake la kazini, akafungwa kila siku, na kila siku akasema leo alikuwa anamsoma adui. Makoye, mpakia marobota wa kiwanda cha kuchambua pamba, alikuja na nyuzi nyeupe za pamba nyweleni kama mtu aliyezeeka njiani. Mama alikaa chumba cha pili, mlango wazi, akimenya karanga kwenye ungo, na kila aliyeingia alimsalimu kwanza, mwadila mayu, yaani salamu ya jioni kwa mama, na yeye akaitikia na kuuliza habari za ng'ombe, hata kama aliyesalimu alikuwa mtumishi aliyehamia jana na hajawahi kushika kamba ya ng'ombe.

Mama alikuwa na sheria zake za mapacha, alizopewa na waliomtangulia, na hakuzijadili na mtu. Kitu chochote tulichopewa kilikuwa viwili. Nguo zilikatwa kwenye kitambaa kimoja. Mgeni akileta soda moja, ilimiminwa kwenye vikombe viwili mbele ya macho yake, na mama akapima kwa kuinama mpaka usawa wa meza. Kulwa alikula kwanza kwa sababu ndiye mkubwa, lakini mimi nilipewa kipande kinacholingana. Na ilikuwapo sheria nyingine, ya chini zaidi, ambayo mama aliisema mara chache na kwa sauti ndogo: cha Kulwa kikiharibika, cha Doto, ndiye mimi, hakichukui nafasi yake. Kiatu chake kikichanika, hakuvaa changu hata kama miguu yetu ilikuwa sawa. Tulipokuwa wadogo tulidhani ni ugumu tu wa mama. Baadaye nilielewa kwamba aliogopa kifo. Kumweka mmoja mahali pa mwenzake, kwake yeye, ilikuwa kama kuonyesha njia ya jambo ambalo hakutaka lijue njia.

Mwezi wa sita, msimu wa kuuza pamba ulipofunguliwa na vijana wakawa na hela mkononi, jirani wa upande wa pili wa barabara alifungua chumba chake cha gemu, chenye mashine mbili mpya na televisheni kubwa. Alikuwa na ule mpira mpya wa kwenye gemu ambao kila mtu aliutaka. Kulwa aliutafuta, akaupata kwenye diski, akauweka kwenye kompyuta yetu, na ukakubali kufunguka. Lakini wachezaji walikimbia kama watu waliozama kwenye majaruba ya mpunga. Unabonyeza kupiga, unasubiri, na mpira unatoka wakati kipa ameshadaka. Mwalimu Shija alisema kwa mara ya kwanza maishani anacheza na watu wa kasi yake. Makoye alimwambia Kulwa kwamba amefunga ndama kwenye jembe la maksai, halafu anashangaa shamba halilimiki. Watu walicheka, Kulwa naye alicheka, lakini wiki ile ile benchi moja ilikuwa tupu, na wiki iliyofuata tulisikia kelele za magoli zikitoka ng'ambo ya barabara, na kati yake sauti ya Makoye.

Ndipo Kulwa akaanza kuzungumza habari za machimbo. Alizungumza wakati wa kula, bila kumtazama mtu. Nakumbuka chakula chenyewe kuliko maneno: ugali wa mtama, nsansa za majani ya kunde makavu zilizoungwa karanga, na mama akitenga mafungu mawili sawa. Alisema kuna mtu anamjua upande wa Geita, kuna mashimo yanahitaji watu.  Kaka yake mama alikuwa amefukiwa kwenye shimo kama hilo na hakuletwa nyumbani. Mimi nilisema, labda kompyuta inaweza kutengenezwa. Kulwa akasema kadi ya picha ni nzuri, ramu inatosha, kinachokwama ni prosesa. Akamweleza mama kwamba prosesa ni kile kipande kinachofikiri, kwamba iliyopo ina viini viwili, na kwamba hiyo hiyo mazabodi, ule ubao unaoshika vipande vyote, inaweza kubeba ya viini vinne, zipo zilizotumika Mwanza, si lazima mpya. Akaweka na sharti lake wazi, ndiyo tabia yake: ikipatikana na chumba kikasimama, anabaki. Isipopatikana, anaondoka pamba ikiisha. Mama alimenya karanga kiasi cha kujaza kiganja, ndipo akauliza ziko ngapi.

"Inaingia moja, mayu," Kulwa alisema. "Kiti chake ni kimoja."

"Wewe na Doto mko wangapi?"

Kulwa alieleza tena, kwa upole, akachora hata na kidole kwenye unga wa mtama uliomwagika mezani. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba atauza mbuzi wawili, na zitanunuliwa mbili zinazofanana, na ile isiyo na kiti itakaa chini isubiri kama watu wengine wanavyosubiri.

Kulwa alikwenda Mwanza na mazabodi yenyewe, maana aliogopa kununua kisichoingia. Aliifungua yote kwenye sanduku, akaifunga kwenye kanga ya mama, akapanda basi la alfajiri ameipakata. Alisimulia baadaye kwamba mama mmoja aliyekaa naye alimwonea huruma mpaka Magu, akidhani ni baba aliyefiwa na mke, na alipotaka kumshikia mtoto ndipo Kulwa akafunua kanga, na yule mama akahama kiti. Muuza duka alijaribu prosesa zote mbili palepale, zikawaka. Alimwuliza ana kompyuta ngapi. Moja. Basi ya pili ya nini? Kulwa akamjibu kwamba sisi ni mapacha. Muuza duka aliacha kuuliza. Alimpa na bomba dogo la ile pesti ya kijivu inayopakwa juu ya prosesa ili joto lihamie kwenye feni, lakini lilikuwa limeshafunguliwa siku nyingi.

Alirudi jioni ile ile. Prosesa zilikuwa kila moja imechomekwa kwenye kipande cha sponji, mraba mdogo wa chuma juu, na chini miguu mingi myembamba kama ya siafu. Ili zisichanganyike nilichukua rangi yangu ya kucha, nyekundu, nikaweka nukta juu ya moja. Hiyo ikawa yangu. Isiyo na nukta ikawa ya Kulwa, na kwa kuwa ndiye mkubwa, ya kwake ndiyo ingeingia. Yangu ililala kwenye kopo la majani ya chai, juu ya kabati.

Kesho yake asubuhi Kulwa alinawa mikono kwa sabuni kama anayekwenda kula. Aliinua kijiti cha kiti cha prosesa, akaiweka ya viini vinne ikazama yenyewe bila kusukumwa, akashusha kijiti. Kabla ya hapo mguu mmoja ulikuwa umepinda na niliunyoosha mimi, kwa sindano ya cherehani, huku nimezuia pumzi. Kisha akaminya bomba la pesti na hakikutoka kitu. Alilipasua kwa wembe. Ndani kulikuwa na ukoko mkavu kama wa chungu cha ugali. Tuliuliza mji mzima. Mafundi wa simu hawakuwa nayo, na wa redio walitushangaa. Mmoja alisema kuna watu wanatumia dawa ya meno, na Kulwa alikuwa tayari kuitumia.

Wazo la samli lilikuwa langu. Naliandika hapa kwa sababu Kulwa alilibeba miaka yote kana kwamba lilikuwa lake, na watu walimtania yeye. Mimi ndiye niliyesema dawa ya meno itakauka kama pesti ilivyokauka, lakini samli haikauki, ipo kwenye kibuyu cha mama tangu masika na bado laini. Mtu aliyekua mahali pasipo ng'ombe asingewaza hivyo. Kwetu samli ilipakwa kwenye ngozi iliyopasuka, kwenye mpini wa jembe, kwenye kidonda cha ng'ombe, kwenye nywele za bibi harusi. Hatukujua kitu ambacho samli ilipakwa kikaharibika. Kulwa alifikiri, akacheka, akasema nilete. Nilileta kwa ncha ya kijiko. Tuliipaka ikang'aa kama jicho.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, na kwa saa tatu ilikuwa siku nzuri kuliko zote za mwaka ule. Kompyuta iliwaka. Mpira mpya ulifunguka na wachezaji walikimbia, walikimbia kweli, nyasi zinaonekana moja moja na jezi zinapepea. Mwalimu Shija alipita barabarani na baiskeli, akachungulia, akaiacha baiskeli imelala chini. Saa sita Makoye alikuwa amesharudi kutoka ng'ambo na amekaa mahali pake pa zamani bila kuomba radhi, na Kulwa hakumwomba aombe. Mwalimu alifunga goli. Alisimama, akakaa, akataka lirudiwe kuonyeshwa, akaomba mama aitwe aje alione. Mama alikuja na ungo wake, akatazama lile goli, akauliza mwenye kushinda anapewa nini. Mwalimu akamwambia hapewi kitu, mayu, anapewa heshima. Mama akasema basi na yeye amempa.

Harufu ilianza polepole. Kwanza Makoye aliuliza nani anakaanga. Mtu akasema mama Doto leo anatupikia pilau. Ilikuwa harufu ya sherehe, samli iliyopata moto, na chumba kizima kilikuwa kinameza mate kwa furaha. Mimi peke yangu, kwenye cherehani, nilijua kwamba jikoni hakuna moto. Nilisimama nikatazama kwenye lile dirisha la ubavuni. Sanduku lilikuwa limesimama wima, na samli iliyoyeyuka ilikuwa inashuka kwenye mazabodi kama machozi, inaingia kwenye nafasi za ramu, inang'aa bluu kwa zile taa. Kabla sijasema neno, kioo kikawa cheusi. Feni zikasimama. Kulwa alijaribu kuwasha mara nyingi. Haikuita, haikulia, taa ziliwaka na kuzima. Makoye alisema, bila ubaya, kwamba ng'ombe amekufa ameshiba. Walicheka, kisha wakaona uso wa Kulwa wakaacha, wakatoka mmoja mmoja wakimuaga mama.

Kulwa alisema prosesa yake imeungua. Hakusema wazo la samli lilikuwa la nani. Nilimwambia kuna ya pili kwenye kopo, na alikuwa ameshanyoosha mkono kabatini wakati mama aliposimama mlangoni. Sikumbuki kumwona mama amesimama hivyo kabla wala baada. Alisema ya Doto haiingii pale. Kulwa akasema hiki ni chuma tu, mayu. Mama akasema anajua kuwa ni chuma, na jembe pia ni chuma, na shoka. Akasema anaweza kuuza mbuzi mwingine, hata wawili, lakini kiti cha Kulwa hakikaliwi na Doto maadamu yeye mama yu hai. Kulwa alirudisha mkono. Hakuwa mtu wa kumpinga mama kwa maneno. Alimpinga kwa kuondoka, na siku hiyo hiyo alisema mbuzi wasiuzwe tena, anakwenda machimboni wiki ijayo.

Wiki ile chumba cha mbele kilifungwa. Niliendelea kushona sare za shule nikiwa nimeipa mgongo kompyuta. Tulikula, mafungu yetu sawa, na nilisikia mama akimuuliza Kulwa kama huko anakokwenda kuna maji, kama wanalala chini, na Kulwa akijibu ndiyo kwa kila kitu. Siku ya kuondoka basi lilikuwa la saa nane. Asubuhi Kulwa alikwenda kumuaga mjomba upande wa pili wa mji. Begi lake lilikuwa mlangoni, na shati lake la kijani, la kitambaa kimoja na gauni langu, lilikuwa juu ya begi. Ndipo Mwalimu Shija akafika na baiskeli, anahema. Alikuwa ametumwa Maswa na mwalimu mkuu, akapita kambini kwa yule kijana wa kaskazini, akamweleza habari ya samli. Alisema yule kijana alicheka mpaka akakaa chini, kisha akampa bomba zima la pesti, jipya. Mwalimu alinipa mkononi kama mtu anayetoa rambirambi, akasema najua tumechelewa, lakini mpe.

Nilifunga mlango wa mbele. Nilichukua spiriti, na mabaki ya kitambaa, na mswaki wa zamani. Nilisafisha mazabodi yote, nikachomoa ramu nikazisafisha, nikasafisha zile nafasi zao mpaka kitambaa kikatoka kikavu. Nilitoa prosesa ya Kulwa. Hapo nilipaswa kuifuta na kuirudisha, niijaribu ya kwake kwanza. Mtu yeyote mwenye akili tulivu angefanya hivyo. Sikufanya. Nilikuwa na hakika imekufa, na nilisikia saa inakwenda, na nilimwona Kulwa kwenye shimo. Nilishusha kopo, nikakwangua nukta nyekundu kwenye ya kwangu kwa wembe, nikaiweka kwenye kiti. Nikachukua ile ya Kulwa, bado ina samli, nikaiwekea nukta nyekundu, nikaifungia kwenye kopo.  Nilipaka pesti, nikafunga feni, nikabonyeza. Kompyuta ikapiga ule mlio wake mmoja mfupi, kama ndege, na taa za bluu zikakaa.

Mama aliuliza kutoka chumba cha pili, hakuinuka kwenye karanga zake.

"Ni ya nani hiyo inayolia?"

"Ya Kulwa, mayu," nilisema.

Kulwa aliporudi alikuta vijana wanne na Mwalimu, na Makoye anacheza. Alisimama mlangoni juu ya begi lake. Aliniuliza nimefanyaje. Nikamwambia nimesafisha tu, haikuwa imekufa. Alinitazama, akatazama kabatini, kopo lilikuwapo mahali pake. Akauliza tena kama ni ile ile, nikasema ni ile ile. Basi lilipita saa nane likapiga honi mara mbili, kwa sababu kondakta alikuwa ameambiwa kuna abiria hapo. Kulwa alichukua shati la kijani akalitundika kwenye msumari wake.

Chumba kile kilisimama miaka mitano, mpaka kila kijana alipokuwa na gemu kwenye simu. Lakini mkono wa Kulwa ulikuwa umeshapata kazi. Alifungua meza ya ufundi mjini, akawa anatengeneza kompyuta za ofisi, za shule, za mapadri. Alioa Nyamizi, akapata watoto watatu ambao nawashonea sare. Na ile kompyuta hakuiuza. Alikaa nayo dukani, kwenye kona, na siku zisizo na kazi alicheza mpira ule ule, ambao kwa sasa ni wa kizamani mno, na wachezaji wake nusu wamestaafu. Watoto wake walimcheka. Mara mbili au tatu nilitaka kumwambia. Mara moja nilianza kabisa, tukiwa tunangoja majibu ya vipimo vyake kwenye korido, nikasema Kulwa, ile prosesa. Akasema, "Ile ya samli?" akacheka sana mpaka nesi akatazama, na mimi nikacheka, na likapita. Nilifurahi likapita. Huo ndio ukweli.

Baada ya matanga Nyamizi aliniomba nikapange vitu vya dukani, akasema yeye mikono haimtii. Nilipanga nyaya, nikapanga bisibisi. Chini ya meza, ndani ya boksi la vifaa vyake vya kila siku, si la vya zamani, nilikuta kopo la majani ya chai. Nilikaa nalo kabla ya kulifungua. Prosesa ilikuwamo, lakini haikuwa na samli. Ilikuwa imefutwa safi. Nukta nyekundu haikuwapo, ila ukiinamisha kwenye mwanga, rangi kidogo ilikuwa imebaki ndani ya herufi zilizochongwa. Na pembeni, kwenye ukingo wa chuma, palikuwa na alama ya pesti ya kijivu, iliyokauka. Kulwa alikuwa ameijaribu. Sijui mwaka gani. Aliifungua kompyuta, akaiona ya kwangu imekaa kwenye kiti chake, akaisafisha ya kwake akaijaribu, akapata jibu lake, halafu akairudisha ya kwangu kitini na ya kwake kwenye kopo, na hakuniambia neno. Nilitafuta ndani yangu kama nimekasirika. Sikukasirika. Niliona haya, na chini ya haya kulikuwa na kitu kama kicheko chake cha kwenye korido.

Jana niliileta kompyuta nyumbani kwa bajaji, nikaiweka chumba cha mbele. Meza ni ile ile. Mama alikuwa chumba cha pili na ungo wake, macho yake siku hizi yanaona vivuli tu, lakini karanga anazimenya kwa vidole. Nilinawa mikono. Nilitoa prosesa ya kwangu, nikaweka ya Kulwa kwenye kiti, ikazama yenyewe. Nilipaka pesti kutoka kwenye bomba lake aliloliacha nusu. Nilibonyeza. Ikapiga mlio mmoja mfupi, na taa za bluu zikakaa, isipokuwa moja iliyokufa zamani.

"Ni ya nani hiyo inayolia?" mama aliuliza.

"Ya Kulwa, mayu."

Vidole vyake vilisimama kwenye ungo. Alisema hata siku ile nilijibu hivyo.

"Siku ile nilikudanganya," nilisema. "Ilikuwa yangu. Leo ndiyo ya kwake."

 Nilisikia feni, na ng'ombe mmoja zizini, na maganda ya karanga yanaanza tena kudondoka. Kisha mama akaniambia niiache iwake mpaka ugali uive. Nikaiacha, nikaenda kuchochea moto.